Vitu vya mshono wa uzazi vinavyouzwa Moshi: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe dukani

Karibu na wodi ya wazazi ya hospitali yoyote kubwa ya Moshi, iwe Mawenzi au KCMC, duka la dawa halikosekani, na ombi linalosikika sana kaunta ni hili: "Dada, nisaidie dawa ya kukausha mshono." Anayeomba mara nyingi si mzazi mwenyewe. Ni mume, wifi au mama mkwe, noti mkononi, macho kwenye saa asije akakosa gari la Rombo. Muuzaji hakosi cha kumpa: unga wa vidonda, spiriti, Dettol, GV (ile dawa ya zambarau), vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili, wakati mwingine vyote kwa pamoja. Hapa tumelimwaga kapu hilo mezani, tukaongeza na vile vinavyopatikana soko la Mbuyuni na kwenye maduka ya vyombo, kisha tukauliza swali moja kwa kila kitu: kinamsaidia mama aliyechanika, aliyeongezewa njia au aliyepasuliwa apone kwa maumivu machache? Wasomaji wa Arusha watavikuta vilevile soko la Kilombero na Soko Kuu.

Tuseme mapema: vitu vya bei ndogo ndivyo vilivyofanya vizuri, na karibu kila kinachosifiwa kwamba "kinakausha" kimefeli. Msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, una unyevu saa zote, na uke hupona ukiwa na unyevu wake. Ukiukausha kwa nguvu, ngozi inapasuka pembeni ya nyuzi, nyuzi zinavuta, na mama anakaa upande mmoja wiki nzima.

Kabla ya kununua chochote, jua umeshonwa nini. Kuchanika kuna digrii nne. Ya 1 ni ngozi na utando wa uke tu. Kama haitoki damu na kingo zinakutana zenyewe, inaweza kuachwa bila kushonwa. Ya 2 imefika kwenye misuli ya msamba, na kuongezewa njia kwa mkasi huwekwa kundi hili kwa sababu mkasi hukata misuli hiyohiyo. Ya 3 imegusa misuli inayobana njia ya haja kubwa. Ya 4 imepita misuli hiyo hadi utando wa ndani wa njia hiyo. Hizi mbili za mwisho hushonwa chumba cha upasuaji, penye taa ya kutosha na ganzi inayolegeza misuli kabisa, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Muulize mkunga digrii ni ya ngapi na aiandike kwenye kadi, kwa sababu mimba ijayo mtu mwingine ataisoma, na kwa sababu orodha ya manunuzi inaitegemea.

Kuhusu mkasi wenyewe, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, halipendekezi kuongeza njia kama desturi, hata kwa mzazi wa kwanza. Palipo na sababu, mkato hufanywa baada ya ganzi, kichwa cha mtoto kikiwa kimetokeza, kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka mstari wa katikati. Ukikatwa karibu na mstari huo, mkato huweza kuendelea wenyewe hadi kwenye misuli ya haja kubwa. Kwa mama waliokeketwa, na mikoa ya Arusha na Manyara wapo wengi, kovu halitanuki kama ngozi nyingine. Jambo hilo lisemwe kliniki mapema, lisisubiri kugunduliwa leba.

Sasa uzi. Wengi hawauhesabu kama bidhaa ya kuchagua, lakini pale familia inapoandikiwa ukanunuliwe nje, karatasi ikisema "2-0" tu, yaani unene wa uzi bila aina yake, muuzaji atatoa kilichopo. Rafuni huwa kuna aina mbili. Katiguti ya kromiki imetengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe, na huja imelowa majimaji yenye harufu ya spiriti ndani ya pakiti yake. Mwili huimeng'enya kama unavyomeng'enya protini nyingine, na kazi hiyo huja na wekundu, kuvimba na kuwasha. Nguvu yake hupotea ndani ya wiki mbili hadi tatu, tena bila mpangilio: penye maambukizi inakatika mapema, na hapo ndipo mshono unapofumuka. Poliglaktini 910, ambayo wengi huijua kwa jina la Vicryl, ni uzi wa kiwandani unaoyeyushwa taratibu na maji ya mwili. Wiki ya pili bado una kama robo tatu ya nguvu yake, ya tatu kama nusu, na huisha kabisa kati ya siku 56 na 70. Upo wa kuyeyuka haraka wa aina hiyohiyo, unaopoteza nguvu ndani ya siku 10 hadi 14 na kuisha kwa siku 42 hivi. Ukiupata, ndio unaofaa zaidi msamba, kwani ule wa kawaida mara nyingine hubaki na vincha vinavyochoma hadi mtu avikate.

Poliglaktini ni ghali kuliko katiguti, na hapa tunasema lipa. Mama walioshonwa kwa nyuzi za kiwandani huwa na maumivu madogo siku za mwanzo na huhitaji dawa chache za kutuliza. Omba namba 2-0, sindano iliyopinda nusu duara, ncha ya mviringo, kwa sababu yenye makali pembeni hukata misuli inakopita. Angalia tarehe ya kwisha muda na kama pakiti haijapasuka wala kulowa. Usikubali kipande kilichobaki kwa mgonjwa mwingine hata kama kimelowekwa kwenye dawa. Nailoni isitumike msambani: haiyeyuki, inachoma kila mama anapokaa, na itabidi itolewe. Hiyo kazi yake ni ngozi ya tumbo.

Uzi mzuri hauna maana ukishonwa vibaya, kwa hiyo huduma nayo ina alama zake. Anayeshona vizuri huanza kwa kutazama, na huingiza kidole njia ya haja kubwa kabla ya kushona kuhakikisha misuli haijakatika, akimweleza mama kwanza anachofanya. Hapo ndipo digrii ya 3 inapoonekana. Ikipita bila kuonekana, mama atajigundua nyumbani akishindwa kuzuia upepo. Ganzi ni lignokeini ya asilimia 1, mililita 10 hadi 20, kisha kusubiri dakika mbili tatu na kujaribu kwa kubana taratibu kabla ya sindano ya kwanza. "Vumilia mama, nyuzi mbili tu" haiwezi kuwa badala ya ganzi.

Mshono wenyewe huanzia juu kidogo ya kona ya ndani ya kidonda, kama nusu sentimita hadi sentimita moja, ili mshipa uliojikunja humo ufungwe. Kona hiyo ikikosekana, damu hujikusanya ndani na msamba huvimba kama ngumi. Kutoka hapo uzi mmoja unaweza kushuka kwa mfululizo, ukafunga uke, ukarudi kwenye misuli, ukamalizia chini ya ngozi bila fundo juu. Mfululizo huo, usiofungwa kila hatua, humwachia mama maumivu kidogo kuliko mafundo ya mojamoja, na pakiti moja kwa kawaida inatosha digrii ya 2. Kosa tunalolilalamikia zaidi ni kukaza. Msamba utavimba siku inayofuata, na uzi uliokuwa umekaza sawa leo kesho utakuwa unakata nyama. Mwisho kidole kinarudi tena njia ya haja kubwa, safari hii kuhakikisha hakuna uzi uliopenya hadi humo, na gozi zote, vile vitambaa vya kufyonzea damu, zinahesabiwa. Gozi iliyosahaulika ukeni huanza kunuka ndani ya siku chache, na mama atalaumiwa kwamba hajisafishi.

Twende nyumbani. Kitu bora kabisa kwenye kapu zima ni chupa tupu ya maji ya nusu lita. Toboa mfuniko matundu manne au matano kwa sindano iliyopashwa moto, jaza maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, na uyamimine kutoka mbele kwenda nyuma wakati uleule unapokojoa. Mkojo ukichanganyika na maji hauchomi mshono, na mama ambaye haogopi kukojoa hajizuii kibofu kikajaa. Famasi kubwa zina chupa maalumu zenye shingo iliyopinda. Zinafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya juu zaidi, na faida pekee ni kwamba shingo inafika bila kuinama. Kopo la chooni la nyumba nzima lisitumike. Chupa iwe ya mama peke yake, ioshwe kwa sabuni kila siku. Baada ya kunawa, kausha kwa kugusagusa kitambaa safi, usifute.

Kwa siku mbili tatu za mwanzo baridi ndiyo inayopunguza uvimbe, na hapa barafu haina mshindani. Mpira wa mkononi wa hospitali (glavu) ukijazwa maji, ukafungwa na kugandishwa, unakaa vizuri mahali pake. Uviringishe ndani ya kitambaa safi, weka dakika 10 hadi 20, ondoa, rudia baada ya saa kadhaa. Barafu tupu kwenye ngozi huunguza kama moto. Pasipo friji, au umeme ukikatika, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa na kulala nje usiku kucha kinatosha. Marangu na Machame mwezi Julai maji hayo alfajiri yana baridi ya kutosha kabisa. Vile vifuko vya jeli vya kugandisha vinafaa pia, lakini ununue viwili, kimoja kitumike kingine kikiganda, la sivyo hutapata faida yake.

Baada ya siku ya kwanza, wengi hupenda kukalia maji. Beseni la plastiki la Mbuyuni linatosha ukichagua pana, ili makalio yaingie bila kubanwa pembeni; beseni dogo linatanua msamba na kuvuta nyuzi. Liweke juu ya kigoda kifupi, maji yafike kina cha kiganja, joto lake lipimwe kwa kiwiko kama maji ya kumwogesha mtoto. Dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku, na mtu awe karibu kwa sababu mama aliyepoteza damu huweza kupata kizunguzungu akisimama. Chumvi je? Haijathibitishwa kuharakisha uponaji. Kijiko kimoja hakidhuru, lakini konzi tatu zinachoma na hazisaidii. Beseni hilo lisifuliwe nepi.

Maji ya moto ndipo tunapogombana na bibi zetu, kwa heshima zote. Kumkanda mama kwa taulo la maji yanayofuka ni desturi yenye mapenzi ndani yake, na mgongo uliochoka hufaidi joto la wastani. Lakini taulo hilo likishuka kwenye mshono wa tumbo, ambapo ngozi imekufa ganzi kwa sababu mishipa ya fahamu imekatwa, mama anaungua bila kujua. Na kukalia maji ya moto kweli hupanua mishipa ya damu na huongeza uvimbe. Bibi akande mgongo na miguu, kwa maji ambayo mkono wake mwenyewe unaweza kukaa humo bila kuutoa.

Pedi zina mtego wake. Orodha nyingi za vifaa vya kujifungulia hutaka rola la pamba, na ni sawa kwa kufuta, ila pamba ikikaa juu ya mshono nyuzinyuzi zake hunasa kwenye mafundo na kukauka na damu. Kuitoa ni mateso. Kama pamba ndiyo iliyopo, weka gozi kati yake na ngozi. Pedi nyembamba zenye wavu wa nailoni juu na manukato hunasa vilevile na kuwasha. Ziache hadi wiki ya tatu au ya nne. Tunazopendekeza ni pedi nene za wazazi zenye uso laini wa pamba, zibadilishwe kila saa tatu au nne hata kama hazijajaa. Vitambaa vya kanga kuukuu navyo ni vizuri sana, kwa sharti la sabuni, maji mengi, jua na pasi. Kitambaa kinachoanikwa chini ya godoro ili wageni wasikione hurudi na ukungu wake. Damu ya uzazi itabadilika rangi, nyekundu kwenda kahawia kisha njano hafifu, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Pedi nene inayolowa yote ndani ya saa moja ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Dawa za maumivu hazihitaji ubunifu. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita hadi nane, visizidi vinane kwa siku. Ikiwa haitoshi, ongeza ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya chakula. Zinafanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana pamoja zinatuliza kuliko moja, na zote mbili zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo au presha iliyompanda wakati wa ujauzito asiguse ibuprofeni bila kumuuliza daktari. Jihadhari na vile vidonge vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli ambavyo kaunta nyingi huvitoa haraka: ukivimeza pamoja na parasetamoli umezidisha dozi, ukivimeza pamoja na ibuprofeni umemeza ndugu wawili wa familia moja, na tumbo ndilo linalolipa. Kodeini haimfai anayenyonyesha; kwa mama wengine mwili huigeuza kuwa mofini kwa kasi, ikapitia kwenye maziwa hadi kwa mtoto.

Choo kigumu kinautesa mshono kuliko watu wanavyodhani, na hapa Uchaggani kina chanzo chake. Mama anawekwa ndani wiki kwa wiki, hatembei, na bakuli la mtori linafuata bakuli la mtori. Mtori unajenga mwili, hatuugusi. Ila ndizi zilizopondwa na nyama hazina makapi ya kutosha kusukuma choo, na mama asiyetembea utumbo wake nao unalala. Ongeza papai, mboga za majani, maharage, uji wa ulezi, na maji lita mbili hadi tatu kwa siku, hasa kama ananyonyesha. Kwa digrii ya 3 na 4 chakula peke yake hakitoshi: laktulozi, sharubati tamu ya famasi, mililita 15 mara mbili kwa siku kwa siku kumi hivi. Inachukua siku moja hadi mbili kuanza kufanya kazi, kwa hiyo inunuliwe siku ya kujifungua, kabla choo cha kwanza hakijawa tatizo. Wenye digrii hizo pia huandikiwa antibiotiki, na wasiwekewe dawa yoyote ya kuingizwa njia ya haja kubwa. Chooni, shika pedi safi juu ya mshono na uubane taratibu kwa kiganja; kwenye choo cha kuchuchumaa shika ukuta au mlango na usitanue miguu kuliko inavyohitajika.

Sasa wale wa kukausha. Dettol ni dawa ya kuchanganywa na maji mengi. Chupa yenyewe inasema hivyo. Ikimiminwa kavu, au kwenye beseni kwa kukisia, inaunguza utando wa uke, na jeraha la kuungua juu ya mshono hupona polepole kuliko mshono peke yake. Maji safi yanatosha. Spiriti iache kwenye trei ya sindano. Haidrojeni peroksaidi inatoa povu linaloonekana kama kazi inafanyika, kumbe inaua na chembe changa zinazojenga ngozi. Iodini ina nafasi yake mikononi mwa anayeshona, lakini kupakwa kila siku kwa wiki nzima kunaingiza iodini mwilini na kwenye maziwa, na tezi ya shingo ya kichanga haipendi hilo. GV inapaka kila kitu zambarau, mkunga akija kutazama wekundu wa maambukizi hauoni. Asali ghafi, hata iliyotoka mzingani jana, haijasafishwa vijidudu. Ile ya vidonda ya hospitali ni bidhaa nyingine.

Anayeongoza kwa madhara ni unga, hasa ule unaopatikana kwa kufungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza. Unga huganda na majimaji ukawa gamba, chini yake usaha unafungiwa. Mama anaona pamekauka, anafurahi, siku ya sita homa inapanda. Dozi inayofika kwenye kidonda haijulikani, mzio wa ngozi ni wa kawaida, na vijidudu vinafundishwa kuizoea dawa ambayo mtu atakuja kuihitaji kweli. Mtu anayekwenda kununua unga kwa sababu mshono umeanza kunuka anatakiwa kuwa wodini. Harufu mbaya, usaha, homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, kingo zilizoachana, kushindwa kukojoa kwa saa sita, upepo au choo kisichozuilika, choo kupita ukeni: hakuna hata kimoja cha kusubiri kliniki ya siku ya 7. Uvimbe unaokua haraka upande mmoja wa msamba siku ya kwanza, wenye maumivu makali ya kubana, ni damu inayovujia ndani na unahitaji kufunguliwa. Vipande vya uzi vinavyodondoka kwenye pedi wiki ya pili au ya tatu, kwa upande mwingine, ni kawaida kabisa, wala havimaanishi mshono umeachia.

Mto wa duara wenye tundu unauzwa kwa jina la mto wa wazazi. Hatukuupenda: mwili unaegemea pembeni, katikati inaning'inia, na damu inajikusanya palepale panapouma. Mto wa kawaida ulio bapa, au blanketi lililokunjwa, ni bora, na kunyonyesha ukiwa umelala ubavu ni bora zaidi. Safari ya kurudi nyumbani iwe kwa gari, si bodaboda, hata kama kituo kiko karibu.

Mkanda wa tumbo una wateja wengi wanaodhani utayeyusha kitambi. Hautayeyusha. Kwa aliyepasuliwa, mkanda mpana usiokaza unaweza kumsaidia kusimama, kukohoa na kutembea siku za mwanzo, avue anapolala, na upindo wake usikae juu ya mshono. Kwa aliyechanika msamba, kufunga tumbo kwa nguvu, iwe kwa mkanda au kwa kanga, kunasukuma kila kitu chini kwenye misuli ileile iliyoshonwa. Badala yake kuna zoezi la bure: kubana misuli kama anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, hesabu hadi tano, achia, mara nane hadi kumi, mara tatu kwa siku. Lianze pale maumivu yanaporuhusu na mama akiwa anakojoa bila shida. Hesabu iongezwe hadi kumi wiki zinavyokwenda.

Kwa mshono wa tumbo, kapu ni dogo kuliko muuzaji anavyotaka. Kinga kubwa imeshatolewa kabla ya kisu: antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja kabla ya kukata ndiyo inayopunguza maambukizi, na unga wa wiki ijayo hauwezi kuifidia. Gozi ya kwanza hukaa saa 24 hadi 48. Ikitolewa na kidonda kikiwa kikavu, mama anaoga kama kawaida, maji yatiririke juu ya mshono, sabuni isisuguliwe, kisha akaushe kwa kugusagusa taulo safi. Plasta zisizopenya maji ni nzuri kama pesa ipo, bila hizo hakuna kinachoharibika. Palipo na mkunjo wa tumbo unaolalia mshono, kitambaa safi cha pamba kikunjwe na kuwekwa humo, kibadilishwe kila kinapolowa jasho. Mishono mingi ya chini ya tumbo inayooza huanzia kwenye mkunjo huo, na hiki ndicho kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Nailoni ya mkato wa kulala hutolewa karibu siku ya 7, ya mkato wa kusimama hukaa zaidi. Itolewe na nesi kwa mkasi na kibano vilivyochemshwa kwa mashine, sehemu inayovutwa ikiwa ile iliyokuwa ndani ya ngozi, uzi wa nje usipitishwe chini. Wembe wa dukani, hata ukiwa mpya kwenye karatasi yake, hauna kazi hapo.